Ganzi au Nusukaputi kwa Kidole Kilichokatwa Kano?

Watu wengi wakisikia neno upasuaji, kitu cha kwanza kuwajia akilini ni kulazwa usingizi. Unalala, unaamka, kazi imekwisha. Wengine husema eti anayepasuliwa akiwa macho ni yule asiyekuwa na pesa. Kwa kidole kilichokatwa kano, mambo si hivyo kamwe.

Kano ni kamba nyeupe inayounganisha msuli na mfupa. Misuli mikubwa inayokunja vidole haiko kidoleni, iko huku chini ya kiwiko, nayo huvuta kano kama waya wa breki ya baiskeli unavyovutwa ndani ya mpira wake. Kidoleni kano hupita katika mfereji mwembamba wenye pete za kuishikilia. Mtu akijikata kwa panga akikata nepia, na kano ikakatika kabisa, ncha moja hurudi nyuma na kidole hakikunjiki tena. Ni lazima ishonwe. Sasa basi, fundo likiwa nene halipiti kwenye pete, na uzi ukilegea ncha zinaachana. Hapo ndipo kazi ilipo.

Binamu yangu, fundi wa mabati, alishonwa kidole cha shahada akiwa chini ya nusukaputi. Baada ya wiki kadhaa ndipo ilipojulikana kuwa kidole kinakwama. Simlaumu daktari, maana mtu aliyelala huwezi kumwambia, "Hebu kunja kidole tuone."

Nusukaputi hulaza mwili mzima. Mgonjwa hukaa muda wa saa sita bila chakula kabla yake, na akiamka huenda akatapika. Njia ya pili ni kuchoma sindano karibu na neva za mkono, shingoni, juu ya mtulinga au kwapani. Mkono wote hufa ganzi kwa saa nyingi. Hauhisi kitu, lakini pia unalegea kama kitambaa, kwa hivyo kidole bado hakijaribiki.

Ya tatu aliieleza August Bier wa Ujerumani mwaka wa 1908. Damu ya mkono husukumwa nje, mkanda wa hewa hukazwa juu, kisha dawa hutiwa ndani ya mshipa wa damu. Mkanda ukifunguliwa mapema mno, dawa hukimbilia moyoni, na hilo ni jambo la hatari. Ukikaa sana nao, unauma vibaya.

Ya nne ndiyo iliyonivutia zaidi. Daktari huchoma lignokaini iliyochanganywa na adrenalini palepale kiganjani na kidoleni, halafu husubiri kama nusu saa. Adrenalini hubana mishipa midogo ya damu, kwa hivyo mkanda hauhitajiki. Misuli ya juu haijaguswa na dawa. Mgonjwa hasikii maumivu, lakini akiambiwa akunje, anakunja! Daktari anaona kwa macho yake kama ncha zinaachana au fundo linakwama, naye hurekebisha kabla ya kufunga ngozi. Zaidi ya hayo, wanaongea. Mgonjwa anaelezwa jinsi ya kuutunza mkono, kwani kano iliyoshonwa juzi ikivutwa kwa nguvu hukatika tena.

Kwa miaka mingi wanafunzi wa udaktari walifundishwa wasitie adrenalini kidoleni, eti kidole kitaoza. Kumbe lawama nyingi zilistahili prokeini, dawa ya zamani iliyogeuka kuwa asidi kali ilipokaa sana. Mwaka wa 2005 Donald Lalonde wa Kanada na wenzake walichapisha habari za visa 3,110 vya mikono na vidole vilivyotiwa adrenalini. Hakuna hata kidole kimoja kilichokufa. Isitoshe, iko dawa ya kuizima adrenalini, nayo huitwa fentolamini.

Mimi ningechagua hii ya nne, ingawa sindano naziogopa kuliko panga. Lakini haimfai kila mtu. Mwenye vidole visivyopata damu vizuri, au anayedhurika na lignokaini, hatakiwi kuipewa. Aliyeumia sehemu nyingi kwa ajali ya matatu atahitaji nusukaputi. Na mtoto wa miaka mitatu? Huyo huwezi kumwambia atulie mezani saa nzima, wala hatakubali kukunja kidole kwa amri ya mtu aliyefunika uso. Heri alale.