Mwani: Jina la sokoni na jina la ukoo

UKIULIZA viazi sokoni Bahati, Nakuru, utaambiwa 'shangi', na biashara itaendelea. Mtaalamu wa mimea atasema Solanum tuberosum, kwani kazi ya jina lake ni kuonyesha ukoo. Hebu twende pwani tuone majina ya aina hizi mbili yakigongana.

Wakulima wa mwani wa Paje, Zanzibar, na Kibuyuni, Kwale, wanajua aina mbili: 'spinosum' na 'cottonii'. Zote ni mwani mwekundu, hata zikionekana kijani au kahawia. Zamani ziliwekwa katika jenasi moja, Eucheuma. Mnamo 1988, Maxwell Doty aliitenga ya pili na kuipa jenasi yake, Kappaphycus.

Kwa nini? Kwanza, umbo. Vitawi vya Eucheuma hupangika kama pete kuzunguka shina. Vya Kappaphycus huchipuka bila mpango. Pili, uzazi. Katika Eucheuma, vifuko vya uzazi vya mwani jike hukaa kwenye vitawi vya pembeni. Katika Kappaphycus hukaa kwenye shina lenyewe. Tatu, karagenini, ute unaotumiwa kugandisha vyakula. Wa Eucheuma, aina ya ayota, huganda ukiwa laini. Wa Kappaphycus, aina ya kapa, huganda ukawa mgumu. Kapa hiyo ndiyo iliyozaa jina. 'Phycus' ni mwani.

Sasa tatizo liko wapi? Mkulima hukata kipande cha mwani, akakiita 'mbegu' na kukifunga kambani. Ni sawa na Bahati, ambako 'mbegu' ya kiazi ni kiazi chenyewe. Kwa hiyo mwani wa shambani ni nadra kuonekana na vifuko vya uzazi. Linabaki umbo, nalo hubadilika kwa mwanga na mawimbi. Ndiyo maana wataalamu siku hizi hupima pia DNA.

Isitoshe, 'cottonii' ya sokoni kwa kawaida ni Kappaphycus alvarezii, ilhali Kappaphycus cottonii ni spishi nyingine kabisa! Si mzaha huo. 'Cottonii' ina bei nzuri kuliko 'spinosum', lakini hufa upesi maji yakipata joto. Anayetafuta mbegu itakayostahimili joto lazima ajue kwa hakika ni ipi aliyonayo.

Basi jina la sokoni tusilidharau, ila tusilidai ushahidi wa ukoo.