Jiwe Lililokuwa Hai

Juma hili nataka tuutazame ukuta. Ukuta wowote wa zamani hapa Mji Mkongwe, pale chokaa ilipobanduka. Jiwe lililomo lina vitundu vingi, na mara nyingine alama kama nyota. Jiwe hilo lilijengwa baharini, na wajenzi wake walikuwa hai.

Nimewasikia wengi wakisema matumbawe ni mawe tu, au ni mimea. Sivyo. Tumbawe ni mji wa wanyama, wengi wao wadogo kama punje ya mchele. Kinda la mnyama huyo huelea majini kwa muda, kisha hujishikiza mahali pagumu wala hahami tena. Huchota chokaa iliyoyeyuka katika maji ya bahari, akajijengea kikombe cha jiwe. Huzaa mwenziwe ubavuni, naye akajenga chake. Wa kwanza wakifa, wengine hujenga juu yao. Mwamba basi ni mifupa ya mababu iliyovikwa ngozi ya wajukuu.

Chakula chao kingi hutoka kwa mimea midogo mno inayoishi ndani ya miili yao na kutumia mwanga wa jua. Ndiyo maana matumbawe haya hustawi katika maji maangavu yasiyo na kina kirefu. Maji yakizidi joto, mimea ile huondoka, tumbawe hupauka, na joto lisipopungua hufa. Mwaka 1998 matumbawe mengi ya pwani ya Afrika Mashariki yalikufa hivyo.

Sasa tupige hesabu. Tumbawe la mviringo hukua kiasi cha sentimita 1 kwa mwaka. Lenye kimo cha mita 1 ni kazi ya karne nzima. Nanga hulivunja kwa dakika moja.

Uwanda wa mawe wa Makunduchi na Jambiani, ambako jembe hugonga jiwe, nao ulikuwa mwamba chini ya bahari, zaidi ya miaka laki moja iliyopita. Mwamba uliokufa hutupa jiwe la kujengea. Ulio hai hutupa samaki, na huvunja mawimbi kabla hayajafika ufukweni. Kisiwani Chumbe, mwamba umehifadhiwa tangu mwaka 1994, lakini Chumbe ni kisiwa kimoja tu.

Kwa hiyo, ndugu wavuvi, nawaomba nanga itupwe mchangani. Nasi tunaonunua chokaa tumwulize muuzaji: jiwe lake limechimbwa nchi kavu, au limeng'olewa baharini likiwa hai?