Umekwama kwenye 'subjuntivo'? Kiswahili chako kitakuvusha

Umekuwa ukijifunza Kihispania kwa simu, ndani ya matatu, na mambo yamekuwa poa. Ghafla 'hablas' inageuka kuwa 'hables', na unaanza kushuku programu imekosea. Wengi huachia hapo. Mimi nusura niache pia, hadi siku Mama aliponiambia, "Nataka uoshe vyombo."

Sikiza vizuri. Hakusema "unaosha". Alisema "uoshe", kwa sababu vyombo bado ni vichafu, na kuoshwa kwake ni jambo analolitaka tu. Ndiyo maana -a ikawa -e. Wahispania nao hufanya hivyo, na hali hiyo wanaiita subjuntivo.

Kanuni yenyewe si noma. Chukua umbo la "mimi": hablo (naongea), como (nakula), vivo (naishi). Ng'oa o ya mwisho, kisha ubadilishane vokali. Vitenzi vya -ar huchukua e. Vya -er na -ir huchukua a.

Hablar: hable, hables, hable, hablemos, habléis, hablen.
Comer: coma, comas, coma, comamos, comáis, coman.
Vivir hufuata comer: viva, vivas, viva, vivamos, viváis, vivan.

Sasa linganisha. Quiero hablar ni "nataka kuongea". Quiero que hables ni "nataka uongee". Anayetaka akiwa ndiye atakayetenda, kitenzi kinabaki vile kilivyo. Wakiwa watu wawili tofauti, kinageuka. Kama kwetu tu! Es importante que comas: ni muhimu ule.

Hata ojalá, neno lao la kutamani jambo litokee, lina asili ya Kiarabu na limebeba jina la Mungu, kama "inshallah" yetu. Ojalá ganemos: Mungu akipenda, tushinde.

Lakini usilale. Kuna mahali njia zinaachana. Sisi husema "siamini kwamba anaongea". Wao husema no creo que hable. "Utakapokula" kwao ni cuando comas. Hizo itabidi uzikariri.

Kwa hivyo leo, kabla ya kufungua jedwali lingine, andika mambo matano ambayo watu wa kwenu hutaka ufanye, kisha uyageuze yawe Kihispania. Anza na la Mama: Quiero que laves los platos.

Halafu uvioshe kweli.