Ofisi Ikihamia Nyumbani: Namna ya Kuikinga Kampuni Dhidi ya Wezi wa Mtandaoni

Tuseme wewe ni mhasibu wa kampuni ndogo ya kununua na kuuza mahindi mjini Kitale. Siku mbili kwa wiki unafika ofisini. Siku zilizosalia unafanya kazi ukiwa nyumbani kwako Kanduyi, Bungoma, kwa kipakatalishi na bando za simu. Ijumaa saa kumi alasiri unapata barua pepe yenye jina la mkurugenzi wako: “Niko kwenye mkutano, siwezi kuongea. Yule anayetuuzia magunia amebadilisha akaunti ya benki. Mlipe Sh380,000 sasa hivi kwa akaunti hii mpya, lori linasubiri.”

Jina ni lake. Maneno yanafanana na yake. Hata habari ya magunia ni ya kweli. Lakini barua hiyo hakuiandika yeye.

Kama ungekuwa ofisini, ungeinuka, ungebisha mlango wake na kuuliza, “Mkubwa, ni wewe umetuma hii?” Jambo lingeishia hapo. Ukiwa Kanduyi, mlango huo haupo, na hapo ndipo mwizi anapopitia. Ukilipa, pesa zinazopotea ni zile za mkulima wa Kiminini au Chwele aliyeleta mahindi yake na sasa anasubiri malipo ili apeleke karo shuleni.

Makala haya yanaeleza jinsi wenye kampuni, vyama vya ushirika, maduka ya pembejeo na wafanyakazi wao wanavyoweza kuurudisha mlango huo.

Kazi ilivyotoka ofisini

Mnamo Machi 15, 2020, siku mbili baada ya kisa cha kwanza cha Covid-19 kutangazwa nchini, Rais wa wakati huo, Uhuru Kenyatta, alizitaka ofisi za umma na kampuni kuwaruhusu wafanyakazi wasiotoa huduma za dharura kufanyia kazi nyumbani. Janga lilipopungua, wengi walirudi ofisini, lakini si kwa siku zote. Leo si ajabu kumpata karani anayetuma ripoti akiwa Webuye, au afisa wa mauzo anayeingiza oda za wateja akiwa stendi ya matatu.

Mpango huu unaokoa nauli na muda. Hata hivyo, data za kampuni sasa ziko kwenye simu, kwenye kipakatalishi cha nyumbani na kwenye kompyuta ya saiba. Kufuli la ofisi haliwezi kulinda vitu vilivyokwisha kutoka nje.

Mwizi alijuaje habari ya magunia?

Wengi hudhani mhalifu wa mtandaoni ni fundi hodari anayevunja mitambo. Mara nyingi huingia kwa ufunguo aliopewa. Huenda wiki kadhaa kabla ya Ijumaa ile, mtu mmoja katika kampuni alipata ujumbe uliosema akaunti yake ya barua pepe itafungwa asipobofya kiungo fulani. Alibofya, akaona ukurasa uliofanana na ule wa kawaida, akaandika nywila yake. Tangu siku hiyo mwizi alikuwa akisoma barua zote kimyakimya, akijifunza nani hulipa, nani huidhinisha na nani husambaza magunia. Alipojua ya kutosha, aliandika.

Kwa hiyo ujumbe kuwa na habari za kweli si ushahidi kwamba aliyeutuma ni mtu wa kweli.

Piga simu kabla ya kulipa

Hii ndiyo kanuni muhimu kuliko zote, na haihitaji kununua chochote. Ombi lolote la kulipa akaunti mpya, kubadilisha nambari ya till au paybill ya mteja, au kubadilisha akaunti ya mshahara wa mfanyakazi, lithibitishwe kwa simu. Piga nambari uliyokuwa nayo tangu zamani, si ile iliyoandikwa ndani ya ujumbe. Siku hizi hata sauti inaweza kuigwa kwa kompyuta, basi ukiwa na shaka muulize jambo mnalolijua nyinyi wawili tu.

Malipo yanayozidi kiwango ambacho kampuni imejiwekea yaidhinishwe na watu wawili. Mkurugenzi naye ana wajibu wake. Awaambie wafanyakazi waziwazi kwamba hatakasirika akipigiwa simu kuulizwa, hata akiwa mkutanoni. Penye bosi asiyependa kuulizwa, mwizi hana kazi ngumu.

Nywila na kizuizi cha pili

Nywila ya barua pepe ya kazi isitumike kwingine kokote. Ukitumia nywila moja kwa barua ya kazi, Facebook na tovuti ya kamari, basi siku moja ya hizo ikivuja, zote zimevuja. Nywila ndefu yenye maneno manne au matano yasiyohusiana ni ngumu kukisiwa na ni rahisi kukumbuka kuliko fupi iliyojaa alama.

Kisha washa uthibitisho wa hatua mbili. Hapo mwizi akiipata nywila yako bado atadaiwa nambari ya siri inayotokea kwenye simu yako. Ni bora nambari hiyo itoke kwenye programu maalumu ya simu kuliko kuja kwa SMS, kwa kuwa walaghai wamewahi kuhamisha laini za watu na kupokea SMS zao. Piga *106# kwenye laini yako ya Safaricom ili uone laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako. Na nambari hiyo ya siri usimtajie mtu yeyote anayekupigia, hata akijitambulisha kuwa wa benki au wa kampuni ya simu.

Simu, kipakatalishi na saiba

Kifaa cha kazi kisiwe cha nyumba nzima. Kama ni kimoja tu na watoto nao wanakitumia, wafungulie akaunti yao ndani ya kompyuta hiyo, yenye nywila tofauti na isiyo na ruhusa ya kuweka programu mpya.

Kubali masasisho yanapokuja, kwani mengi huziba matundu ambayo wahalifu tayari wanayajua. Kampuni ambazo bado zinatumia Windows 10 zikumbuke kwamba Microsoft ilikomesha huduma yake ya kawaida kwa mfumo huo Oktoba 14, 2025.

Nyumbani, badilisha nywila ambayo ruta ya Wi-Fi ilikuja nayo kutoka dukani. Ukiwa hotelini au kwenye kituo cha mafuta, tumia bando za simu yako kwa kazi za malipo badala ya Wi-Fi ya bure. Kampuni inayoweza kugharamia VPN iwape wafanyakazi wote.

Kwenye saiba, usifungue kamwe akaunti ya benki wala mfumo wa mishahara wa kampuni. Kama ni lazima uchapishe waraka, hakikisha umetoka kwenye barua pepe yako na umefuta faili ulilopakua kabla ya kuinuka kitini.

Nakala za akiba

Mashambulizi mengine hayaibi pesa moja kwa moja. Yanafunga mafaili yote ya kampuni, kisha wahalifu wanadai fidia ili wayafungue. Mnamo Aprili 2023, maduka ya Naivas yalitangaza kwamba yalikuwa yamepatwa na shambulio la aina hii. Ikiwa kampuni kubwa hivyo inafikiwa, duka la pembejeo la Kitale halina sababu ya kujiona dogo mno.

Dawa ni kuwa na nakala za daftari za hesabu, orodha ya wateja na rekodi za mishahara. Moja kati ya hizo iwe kwenye diski inayochomekwa wakati wa kunakili tu, kisha ikachomolewa na kufungiwa kabatini. Nakala iliyoachwa imechomekwa nayo itafungwa pamoja na nyingine. Jaribuni kuifungua mara kwa mara ili mjue kama inafanya kazi.

Mfanyakazi anapoondoka

Mfanyakazi wa ofisini akiacha kazi hurudisha ufunguo. Aliyefanyia kazi nyumbani huondoka na nywila kichwani. Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mtandaoni ya mwaka 2018 inamtaka mfanyakazi aachie nywila na ruhusa zote za kuingia kwenye mifumo ya mwajiri mara tu ajira inapokwisha, isipokuwa kama mkataba wao unasema vingine. Mwajiri asingoje kukumbushwa. Azifunge akaunti hizo siku hiyohiyo, na amwondoe aliyeondoka kwenye makundi ya WhatsApp ya kazi.

Mkishashambuliwa

Dakika za mwanzo ndizo zenye faida kubwa. Pigieni benki au kampuni ya simu na kuomba malipo yazuiwe. Kitoeni kifaa kwenye intaneti. Badilisheni nywila kwa kutumia kifaa kingine. Msifute ujumbe wala barua, kwa sababu huo ndio ushahidi. Kisha pigeni ripoti katika kituo cha polisi kilicho karibu au kwa DCI kupitia nambari ya bure 0800 722 203.

Sheria hiyo ya 2018 pia inamtaka anayeendesha mfumo wa kompyuta kuiarifu kamati ya kitaifa inayoratibu masuala ya uhalifu wa mtandaoni ndani ya saa 24. Ikiwa data za watu zimevuja, kama vile majina, nambari za vitambulisho na simu za wakulima, na kuna hatari ya kweli kwamba zitawadhuru, Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inataka Kamishna wa Ulinzi wa Data aarifiwe ndani ya saa 72. Wenye data wenyewe nao waambiwe bila kuchelewa. Faini ambayo Kamishna anaweza kutoza kampuni kwa kukiuka sheria hiyo inaweza kufika Sh5 milioni au asilimia moja ya mapato ya mwaka, ikitegemea ipi ni ndogo.

Saa hizo hazitoshi ikiwa mfanyakazi aliyebofya kiungo ananyamaza siku tatu kwa kuogopa kufutwa kazi. Mpokeeni vizuri anayeripoti mapema, hata kama kosa ni lake.

Jumatatu ijayo, kabla ya kazi kuanza, wenye kampuni wakae na wafanyakazi wao kwa nusu saa, walio mbali waunganishwe kwa simu. Wakubaliane ni nani atapigiwa kabla ya kulipa na nani atapigiwa mambo yakiharibika. Majina hayo mawili na nambari zao yaandikwe kwenye karatasi na yabandikwe ukutani, ofisini Kitale na pale mezani Kanduyi.