Si Kila Kikavu ni Nongo

Bibi mmoja wa hapa Nansio, Ukerewe, aliniletea mjukuu wake mwenye ualbino, mvulana wa darasa la saba, akilalamika kwamba mtoto anaoga lakini hatakati. "Nongo zimemganda masikioni na shingoni, dokta. Namsugua kwa dodoki kila jioni, kesho yake zimerudi." Nilipitisha kidole ukingoni mwa sikio la mtoto nikahisi kitu kinachokwaruza kama msasa. Pembeni palikuwa na kidonda kibichi, alama ya dodoki la jana. Bibi alifanya kazi yake kwa upendo wote. Tatizo ni kwamba alichokuwa akikisugua hakikuwa nongo.

Tuanze na nongo yenyewe. Ngozi huzaa seli mpya chini, nazo hupanda taratibu kuelekea juu, zikikauka na kuwa bapa njiani, mpaka zinafika usoni pa mwili zikiwa zimekufa. Safari hiyo huchukua kama wiki nne. Huko juu hupangana kama vigae, na katikati yake kuna mafuta yanayozishikilia na kuzuia maji ya mwili yasitoroke. Paa hilo zima ni jembamba kuliko karatasi ya daftari. Seli zilizomaliza kazi hudondoka zenyewe kila siku, na zikichanganyika na jasho, mafuta na vumbi ndipo tunapopata nongo. Kwa hiyo anayesugua ngozi anasaidia tu kuondoa vigae vilivyokwisha kulegea. Akizidisha, anang'oa na vile ambavyo bado vinazuia mvua.

Wapo ambao paa lao linavuja tangu mwanzo. Mwenye pumu ya ngozi ni mmojawapo. Mwingine ni yule aliyejipaka mkorogo wenye dawa kali kwa miezi, ngozi ikakonda mpaka mishipa inaonekana. Ukiisugua ngozi ya namna hii kwa nguvu utapata muwasho, michubuko na vipele. Kwetu sisi wenye ngozi nyeusi kuna adhabu ya ziada: panapoumia hubaki doa jeusi linaloweza kukaa miezi mingi. Nimeona kina dada wengi waliojisugua ili waondoe weusi wa shingo, wakauzidisha.

Ikiwa ngozi yako ni nyepesi kudhurika, kusugua mara moja kwa wiki kunatosha. Fanya jioni, usiku ngozi ipumzike mbali na jua. Oga kwanza kwa maji ya uvuguvugu dakika chache ili seli zilizokufa zilainike. Chukua kipande cha kanga iliyochakaa, ile ambayo kufuliwa kumeifanya laini kabisa, ukizungushe taratibu bila kukandamiza, nusu dakika kila sehemu. Sabuni iwe ya kuogea isiyo na manukato makali. Sabuni ya mche ina alkali nyingi, na ngozi yenyewe hupenda uchachu kidogo. Suuza, jikaushe kwa kubonyeza taulo badala ya kufuta, kisha upake mafuta ya mgando mwili ukiwa bado na unyevu. Penye kidonda, mpasuko au palipoungua na jua, pita mbali.

Dodoki nisilitukane, ni zao la bustani zetu na linafaa miguuni. Lakini nyuzi zake ni ngumu kwa uso na shingo, na likining'inizwa bafuni bila kukauka hugeuka nyumba ya vijidudu. Lianike juani kila baada ya kuoga, na kila mtu awe na lake. Jiwe la kusugulia magaga libaki kwenye visigino.

Kuna mchanganyiko wa sukari na ndimu ambao vijana wanaambiana kila siku. Naomba muuache. Punje za sukari zina kona kali, na maji ya ndimu yana kemikali ambazo zikikutana na jua huunguza ngozi mpaka itoe malengelenge. Mtindi usio na sukari ni mpole zaidi kwa sababu asidi yake hulegeza gundi ya seli zilizokufa bila kukwaruza. Jaribu kwanza kidogo kwenye mkunjo wa mkono, usubiri siku nzima. Hata singo ya Unguja, ile wanayosuguliwa mabibi harusi kwa maua, liwa na viungo, pamoja na heshima yake yote, ina manukato yanayoweza kuiwasha ngozi nyepesi.

Nirudi kwa mtoto, maana kisiwa chetu cha Ukerewe kina watu wengi wenye ualbino, na jambo hili haliwezi kuwa la pembeni. Ngozi yao haina melanini ya kutosha kuwakinga, nasi tuko nyuzi 2 tu kusini mwa ikweta. Mtoto anayeanika dagaa na wenzake mwaloni anapigwa na jua kutoka juu na jingine linalorudishwa na mchanga na maji. Miaka ikipita, sehemu zinazoonja jua zaidi, yaani masikio, pua, midomo, shingo na migongo ya mikono, huota viraka vikavu vyenye magamba, ambavyo mara nyingi utavihisi kwa kidole kabla hujaviona. Hiyo ni ngozi iliyoharibiwa na jua, na baadhi ya viraka hivyo vinaweza kugeuka saratani. Kuvikwangua hakuviondoi. Huviumiza tu, na pengine huficha kinachoendelea chini. Mtaalamu anaweza kuvigandisha kwa naitrojeni ya maji au kutoa krimu maalumu, na kazi hiyo ni nyepesi sana ikifanywa mapema. Shirika la Standing Voice limekuwa likifanya kazi hapa kisiwani na huendesha kliniki za ngozi kwa wenye ualbino. Mafuta ya kukinga jua ya Kilisun hutengenezwa Moshi. Kidonda kisichopona kwa wiki nne kisisubiri kliniki ijayo: panda meli uende hospitali ya Bugando, Mwanza.

Mvulana yule alitibiwa, akapata kofia pana inayofunika masikio. Bibi nilimwachia kazi nyingine badala ya kusugua. Kila Jumamosi baada ya kuoga, anapitisha kidole masikioni na shingoni mwa mjukuu, polepole, akitafuta msasa. Dodoki amelipeleka jikoni, anaoshea sufuria.