Nyumba Kongwe za Mawe: Kazi ya Mwenyewe na Kazi ya Fundi

Kuta za nyumba nyingi za Mji Mkongwe wa Unguja zimejengwa kwa mawe ya matumbawe, yaliyoshikanishwa kwa udongo na chokaa. Chokaa hiyo hutokana na mawe hayohayo: huchomwa tanuuni, huzimwa kwa maji, kisha huwa ngumu tena kwa kufyonza kaboni dayoksaidi iliyomo hewani.

Ukuta wa namna hii hupitisha unyevu, ukatoka nje na kukauka. Ukipigwa lipu ya saruji, njia hiyo huzibika. Maji hubaki ndani, chumvi huganda katika vitundu vya mawe na kuyamung'unya, na ncha za boriti zilizopachikwa ukutani huoza, ilhali lipu yaonekana nzima.

Basi, mwenye nyumba afanye nini mwenyewe? Apake chokaa, asafishe mifereji ya paa, ang'oe miche michanga iotayo ukutani. Lakini kubadili boriti, kutoboa mlango, au kutengeneza ufa unaopanuka ni kazi ya mhandisi na mwashi aijuaye chokaa. Umeme ni wa fundi mwenye leseni. Hatari si ya kufikirika: tarehe 25 Desemba 2020, sehemu ya Beit el Ajaib, jumba la mwaka 1883, iliporomoka wakati wa ukarabati, na watu wawili wakafariki.

Methali yaonya kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Katika nyumba ya matumbawe, onyo hilo lina sharti: chanzo cha ufa kijulikane kwanza, kisha uzibwe kwa chokaa.