Mapambo ya Krismasi ya kujiundia: Boksi kubwa, faida finyu

MFANYABIASHARA anayefuata mzigo wa sikukuu nchini China huangalia boksi kwanza, na hapo ndipo hasara ya seti za watoto za kutengeneza mapambo ya Krismasi inapoanzia. Juu ya boksi kuna picha ya mtoto anayecheka, mti uliojaa nyota, kengele na malaika, na maneno yanayoahidi kwamba kila kinachohitajika kimo ndani. Mteja wa Kariakoo hununua picha hiyo. Mtoto wake ndiye anayekuja kugundua kilichomo.

Chukua seti ya bei nafuu, ya aina inayouzwa kwa katoni. Ndani yake mna vipande vya mpira laini kama wa kandambili, kichupa cha gundi, uzi wa kutundikia na karatasi ya maelekezo. Pambo ambalo pichani linajaa kiganja cha mtu mzima, likishikwa halizidi kiberiti. Matundu ya kupachikia ni membamba kuliko vipande vinavyotakiwa kuingia, na maelekezo yanaruka kutoka hatua ya kwanza hadi ya nne. Mtoto wa miaka sita hukwama, mzazi humpokea kazi, na mwisho wake nyota inatundikwa ikiwa na ncha nne.

Kwa mwenye duka, jambo hili si la kuchekesha. Mzazi wa namna hiyo harudi mwaka unaofuata, na akirudi huja na boksi mkononi akidai fedha yake.

Kiini cha tatizo ni hesabu ya kiwanda. Seti ya kujiundia humwondolea mzalishaji kazi ya kuunganisha na kumwachia mtoto. Kinachookolewa hapo kingepaswa kurudi kwenye ubora wa vipande na maelekezo yanayoeleweka, lakini katika seti duni huishia kwenye rangi za boksi. Katika mji wa Yiwu, jimbo la Zhejiang, ambako hutoka sehemu kubwa ya mapambo ya Krismasi yanayouzwa duniani, muundo uleule unaweza kukatwa kwa mpira mnene au mwembamba kulingana na bei aliyofikia mnunuzi. Anayebana bei hadi senti ya mwisho hupewa mali ya senti hizo.

Kisha inakuja nauli. Wafanyabiashara wengi wadogo husafirisha kwa kichele, na mzigo mwepesi wa kichele hutozwa kwa ujazo, yaani kwa mita za ujazo, wala si kwa kilo. Boksi ambalo nusu yake ni hewa humfanya mwenye mali alipie hewa hiyo kutoka China hadi Dar es Salaam. Mipira ya kung'aa iliyokwisha tengenezwa nayo hula nafasi, lakini angalau mteja anakiona anachokilipia.

Forodha nayo haina huruma na vipande. Kanuni za kimataifa za kuainisha bidhaa husema kitu kilicholetwa kikiwa hakijaunganishwa huhesabiwa kama kitu kamili. Chini ya Ushuru wa Pamoja wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, kiwango cha kawaida cha bidhaa kamili ya mlaji kwa miaka mingi kimekuwa asilimia 25, na VAT ya kawaida Tanzania Bara ni asilimia 18. Tuchukulie seti imefika bandarini ikiwa na thamani ya shilingi 2,000 pamoja na nauli na bima. Ushuru ni shilingi 500, VAT juu ya 2,500 ni shilingi 450, na jumla inakuwa shilingi 2,950 kabla ya tozo nyingine, ajenti, usafiri na kodi ya fremu. Akiuza kwa shilingi 4,000, kila seti inayorudishwa inameza faida ya seti kadhaa zilizouzwa vizuri.

Muda pia hauko upande wake. Mzigo huagizwa katikati ya mwaka, na soko lake hufa jioni ya Desemba 24. Mapambo kamili yanaweza kuwekwa stoo hadi mwaka mwingine. Seti yenye gundi haiwezi, maana gundi hukauka katika joto la Dar na boksi, ambalo ndilo lililokuwa likiuza, hupauka.

Sheria ya Mauzo ya Bidhaa inataka mali iliyouzwa kwa maelezo ilingane na maelezo hayo, na mteja humdai aliyemuuzia, si kiwanda asichokijua. Kwa bidhaa za watoto kuna hatari kubwa kuliko nyota iliyopinda. Novemba 2007, wiki chache kabla ya Krismasi, Marekani ilitangaza kurejeshwa kwa seti zipatazo milioni 4.2 za shanga za Aqua Dots zilizotengenezwa China, baada ya kubainika kuwa kemikali iliyopakwa kwenye shanga iliwalewesha na kuwapoteza fahamu watoto waliozimeza. Ilikuwa bidhaa inayogombewa. Kwa mwagizaji mdogo, pigo la namna hiyo katika mwezi wa mauzo lingemaliza mtaji wote.

Wanaoendelea na biashara hii bila kuumia hawaagizi kwa picha. Hulipia sampuli, wakahesabu vipande, wakampa mtoto wa umri ulioandikwa kwenye boksi aiunde bila msaada, na kumwomba muuzaji taarifa ya maabara inayohusu kundi hilohilo la bidhaa kabla ya kutuma malipo ya awali. Wengine huomba seti ipakiwe kwenye mfuko bapa wenye dirisha la nailoni. Mfuko huo haupendezi rafuni kama boksi, ila katoni moja hubeba seti nyingi zaidi, na mzazi huona ukubwa halisi wa nyota kabla ya kutoa fedha.